Chuja Kwanza au Panga Kwanza? Hesabu za Programu ya Stoo

Mwenye duka la pembejeo Kimandolu, Arusha, akimwita kijana amtengenezee programu ya stoo, hamwelezi habari za hifadhidata. Anamwambia: "Nataka nione dawa za mifugo tu, zile ambazo bado zipo, halafu zinazokaribia kuisha muda zikae juu." Ni sentensi moja, lakini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchuja: dawa za mifugo, zilizopo. Ya pili ni kupanga: tarehe ya kuisha muda, ya karibu kabla ya ya mbali. Kila moja peke yake ni zoezi jepesi, na vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha au wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro hulimaliza mapema tu katika masomo yao. Tabu huanza zinapokutana kwenye gridi moja, iliyofungamanishwa moja kwa moja na orodha ya bidhaa, ambamo muuzaji anatafuta, anabadilisha bei, anafuta mstari na kuongeza mwingine huku wateja wamejipanga kaunta.

Duka ninalolisema ni la kufikirika, ila bidhaa zake anazijua yeyote anayeishi upande huu wa mashariki wa jiji, ambako barabara ya Moshi inaelekea Tengeru na Usa River na mlima Meru unawalisha wakulima kwa mvua na udongo wake. Kuna mbegu za mahindi SC 403, SC 627 na DK 8031. Kuna mbegu za nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97. Kuna mbolea za DAP, CAN na Urea, chanjo za kuku, dawa za kupe na za minyoo, chumvi ya ng'ombe, mabomba ya kupulizia. Tuseme ni bidhaa elfu nne hivi. Na programu iwe ya kompyuta ya mezani au laptop, yenye data zake kwenye diski yake yenyewe. Huo si ushamba. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadorora nchini kote. Duka lililotegemea mfumo wa mtandaoni siku ile lilirudi kwenye daftari, na lenye programu ndani ya mashine liliendelea kuuza.

Swali ambalo kila anayeanza huuliza ni hili: nichuje kwanza kisha nipange, au nipange kwanza kisha nichuje? Kwa upande wa usahihi wa jibu, karibu hakuna tofauti. Kuchuja hakuvurugi mpangilio, kunaondoa tu baadhi ya mistari na kuiacha mingine ilivyofuatana. Tofauti hujitokeza pale tu bidhaa mbili zinapolingana kwenye kigezo, kwa mfano chanjo mbili zinazoisha muda siku moja. Ipi itangulie? Hapo inategemea kama njia ya kupanga ni tulivu, yaani inaacha vilivyolingana katika mfuatano vilivyokuja nao. Timsort, ambayo Tim Peters aliiandika mwaka 2002 kwa ajili ya Python na baadaye Java ikaichukua, ni tulivu. Kwenye .NET, OrderBy ni tulivu lakini List.Sort si tulivu. Ndiyo maana muuzaji anaweza kubonyeza kitufe kile kile mara mbili akaona mistari miwili imebadilishana nafasi, akaanza kuishuku kompyuta yake. Dawa yake ni rahisi na sijui kwa nini haifundishwi mapema zaidi: kigezo cha mwisho cha kupanga kiwe kila mara namba ya bidhaa, ambayo haijirudii. Ukishafanya hivyo hakuna tena sare, na utangulize kuchuja au kupanga, matokeo ni yale yale.

Kwa upande wa gharama tofauti ipo, ila si ile inayosemwa sana. Chukua bidhaa 4,096. Kuzipanga zote kunahitaji ulinganisho kama 49,000, kwa kuwa kazi ya kupanga hukua kwa idadi ya vitu mara logi yake, na logi ya 4,096 kwa msingi wa 2 ni 12. Kuzichuja kunahitaji vipimo 4,096 tu, kimoja kwa kila bidhaa. Zikibaki 64, kuzipanga hizo ni ulinganisho mia nne hivi. Kwa hiyo chuja kwanza, vinasema vitabu, na viko sahihi kama kazi inafanyika mara moja.

Lakini kwenye skrini haifanyiki mara moja. Muuzaji anaandika "kupe" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kichujio kinabadilika mara nne, herufi baada ya herufi, huku mpangilio ukiwa ule ule tangu asubuhi. Kama orodha nzima ilishapangwa, kila herufi inagharimu vipimo 4,096 na basi. Mpangilio unakuja bure. Kinyume chake, duka ambalo kichujio hakibadiliki lakini muuzaji anabonyeza vichwa vya safu siku nzima, mara bei, mara jina, mara kiasi, linanufaika na kuchuja kwanza. Swali la maana, basi, ni nini hubadilika mara nyingi zaidi. Kinachobadilika kwa nadra kiwekwe chini, karibu na data. Kinachobadilika kila dakika kiwekwe juu, karibu na jicho. Nakiri kwamba kwa bidhaa elfu nne hakuna binadamu atakayeihisi tofauti hii kwenye mashine ya kawaida. Itahisiwa kwenye kumbukumbu za mauzo, ambako mistari inafika laki kadhaa, na huko nitarudi.

Jambo zito zaidi ni wapi kazi hizi zifanyike. Njia ya mkato, ambayo nimeikuta kwenye programu nyingi mno, ni kutengeneza orodha mpya kila mara: chukua bidhaa zote, chuja, panga, weka matokeo kwenye orodha nyingine, kisha iambie gridi isome hiyo. Inafanya kazi siku ya kumwonyesha mteja. Kisha muuzaji anachagua mstari, anaandika herufi moja zaidi, na mstari wake uliochaguliwa unapotea kwa sababu gridi imeanza upya. Anaongeza bidhaa mpya, inaingia kwenye nakala, haifiki kwenye orodha halisi. Dirisha la manunuzi linaonyesha kitu kimoja na la mauzo kingine.

Watengenezaji wa zana waliliona hili zamani, na jibu lao linafanana karibu kila mahali: orodha halisi isiguswe, bali juu yake iwekwe sura, na gridi ifungamanishwe na sura hiyo. Java iliweka TableRowSorter na RowFilter kwenye toleo la 6, Desemba 2006. Qt ina QSortFilterProxyModel, inayofanya kazi zote mbili pahali pamoja. WPF ya Microsoft, iliyotoka mwaka huo huo wa 2006, ina ICollectionView. JavaFX na GTK 4 zilizitenga: sura moja ya kuchuja, nyingine ya kupanga, na wewe unazipandanisha kwa mfuatano unaoutaka. Mimi napendelea mtindo huu wa pili, kwa sababu unamlazimisha anayeandika programu kuamua ipi iko chini na ipi iko juu badala ya kumwachia mtu mwingine amwamulie bila yeye kujua.

Kwa ulimwengu wa Windows, ambao ndio umejaa kwenye maduka yetu, mambo yana mitego yake. Kwenye Windows Forms, BindingList ndiyo orodha ambayo watu huikimbilia kwa sababu inaijulisha gridi kila kitu kinapoongezwa. Haijui kupanga wala kuchuja. Ukiipa BindingSource iliyokaa juu yake kichujio, kichujio kinapokelewa kimya na hakuna kinachobadilika kwenye skrini, na developa anapoteza jioni nzima akitafuta kosa kwenye maneno ya kichujio wakati maneno hayana kosa lolote. Orodha inayojua kazi zote mbili ni DataView, kwa njia ya RowFilter na Sort, na ndiyo iliyobeba programu nyingi za stoo kwa miaka zaidi ya ishirini.

RowFilter ina tabia ambayo mtu wa Seattle anaweza asiikute kwa miaka, lakini wa Kimandolu anaikuta siku ya kwanza. Kichujio chake huandikwa kama maneno, na thamani inayotafutwa huwekwa ndani ya alama za mkato mmoja. Developa anaunganisha tu: jina lifanane na kile alichoandika muuzaji. Muuzaji anaandika "chumvi ya ng'ombe". Mkato ulioko ndani ya ng'ombe unafunga maneno kabla ya wakati, mabaki hayaeleweki, na programu inaanguka mbele ya mteja. Ni lazima mkato urudufiwe kabla ya kuingizwa, na alama kama nyota, asilimia na mabano ya mraba nazo zifungiwe ndani ya mabano ya mraba. Kwenye WPF hutapata tatizo hili kwa sababu kichujio ni kipande cha programu kinachopokea bidhaa na kujibu ndiyo au hapana. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya niipendekeze.

Hata hivyo mkato haujaisha visa. Yule aliyeingiza bidhaa kwa kunakili kutoka Word ana mkato uliopinda, na kibodi ya kompyuta inatoa mkato ulionyooka. Kwa macho ni kitu kimoja; kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na baadhi ya bidhaa hazionekani kwenye utafutaji. Kwenye kupanga pia kuna vurugu. Mashine ikilinganisha herufi kwa namba zake tu, mkato ulionyooka unatangulia herufi zote, hivyo "ng'ombe" inakaa kabla ya "ngano". Ikilinganisha kwa kanuni za lugha, kama .NET ilivyozoea kufanya kwenye Windows, mkato unapewa uzito mdogo sana na "ng'ombe" inaangukia kati ya "ngano" na "nguruwe". Hifadhidata ikifuata kanuni moja na skrini nyingine, muuzaji anaona orodha inayoruka. Suluhisho ambalo halijawahi kuniangusha ni kuwa na safu ya siri kwa kila bidhaa: jina lililowekwa lote kwa herufi ndogo, mikato ya kila aina ikiwa imeondolewa, nafasi za ziada zimefutwa. Tafuta na upange kwa safu hiyo, onyesha ile nyingine.

Majina ya bidhaa zetu yana jambo jingine. Neno kuu linatangulia: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, dawa ya mafua ya kuku, mbegu ya nyanya, mbegu ya hoho. Ukipanga kwa jina, dawa zote zinarundikana chini ya D na mbegu zote chini ya M, kwa hiyo kupanga kwa jina tayari kumekuwa nusu ya kuchuja kwa aina bila mtu kukusudia. Lakini kisanduku cha kutafutia kinachoangalia mwanzo wa jina, kama wengi wanavyokinakili kutoka mifano ya kigeni, kinakuwa hakina kazi: hakuna muuzaji anayetaka kuandika "dawa ya" mara mia kwa siku. Tafuta popote ndani ya jina. Na majina yenye namba, kama SC 403, yapangwe kwa herufi halafu kwa namba, la sivyo mfuko wa kilo 10 utatangulia wa kilo 2, kwa kuwa 1 inakuja kabla ya 2.

Narudi kwenye WPF, maana nayo nimeisifu mapema. Nafasi ya kichujio kwenye sura yake ni moja tu. Developa anaweka menyu ya aina ya bidhaa, inayoweka kichujio chake. Kisha kisanduku cha kutafutia, kinachoweka chake. Kisha tiki ya "zilizopo tu". Wa mwisho kuweka ndiye anayetawala, wale wengine wamefutika. Muuzaji anachagua dawa za mifugo, anaandika "kupe", na kinamtokea hata kiuatilifu cha bustani chenye neno hilo. Kichujio kiwe kimoja, kinachosoma vigezo vyote vitatu kwa pamoja, na kila kidhibiti kikibadilika kazi yake iwe kuiambia sura ijichuje upya. Ukibadilisha vigezo viwili na mpangilio kwa mkupuo, vifunge ndani ya DeferRefresh ili kazi ifanyike mara moja badala ya mara tatu. Kama orodha ni ndefu, tumia CustomSort badala ya SortDescriptions, maana hizi za pili huitafuta thamani ya kila safu kwa njia ya mzunguko na zinachelewa. Kisha kumbuka kwamba sura ya kawaida ya orodha ni moja kwa programu nzima: ukichuja kwenye dirisha la mauzo, dirisha la kuhesabu stoo nalo limechujwa. Kila dirisha lipewe CollectionViewSource yake.

Kosa linalogharimu fedha, hata hivyo, ni la namba ya mstari. Muuzaji amechuja na kupanga. Anaona mistari sita. Anachagua wa tatu na kubonyeza futa. Programu inachukua namba tatu na kufuta kitu cha tatu kwenye orodha halisi, ambacho hakimo hata kwenye skrini. Hakuna anayejua mpaka mwisho wa mwezi. Java inatoa convertRowIndexToModel na Qt inatoa mapToSource kwa ajili hii hasa, na zote zinasahaulika kwa sababu wakati wa majaribio, orodha ikiwa haijachujwa wala kupangwa, namba mbili hizo ni sawa. Ushauri wangu ni mkali kidogo: namba ya mstari isitoke nje ya gridi kabisa. Kinachotoka kiwe ni bidhaa yenyewe au namba yake ya kudumu.

Kuhariri nako kuna utata ambao si wa mashine peke yake. Muuzaji amepanga kwa tarehe ya kuisha muda, anasahihisha tarehe ya chanjo kutoka 2025 kwenda 2026. Je, mstari uruke kwenda chini pale pale, kidole kikiwa bado kwenye kibodi? Au ameuza chupa ya mwisho, na kichujio ni "zilizopo tu": bidhaa itoweke kabla hajaandika risiti? Tangu .NET 4.5 ya mwaka 2012, WPF inaweza kupanga na kuchuja papo hapo thamani zinapobadilika. Uwezo huo unavutia, na kwa bodi ya kuonyesha bei tu unafaa. Kwa mtu anayehariri unaudhi. Ukilazimisha sura ijipange upya katikati ya kuhariri, WPF hukataa na kutupa kosa, na mimi nipo upande wake. Mstari ubaki ulipo hadi muuzaji aondoke juu yake. Ukihama, uchaguzi uhame nao.

Halafu kuna bidhaa zisizo na tarehe. Jembe haliishi muda. Kwenye .NET thamani tupu ni ndogo kuliko zote, vivyo hivyo kwenye SQLite na SQL Server. PostgreSQL huiweka mwisho. Mwenye duka aliyetaka zinazokaribia kuisha muda zikae juu anafungua programu na kukuta majembe, mabomba na ndoo. Mpangilio wake unahitaji kigezo cha kutangulia: yenye tarehe kwanza, tupu baadaye. Na tarehe ihifadhiwe kama tarehe. Ikihifadhiwa kama maneno, 03/11/2026 itatangulia 28/01/2025, na chanjo itaharibika kwenye friji huku skrini ikisema mambo ni shwari.

Kwa kumbukumbu za mauzo za miaka kadhaa, sura ya ndani ya programu haitoshi. Mistari milioni moja ni ulinganisho kama milioni ishirini kwa kila kupanga, na kabla ya hapo yote imebidi ipakiwe kwenye kumbukumbu ya mashine. Hapo kazi ishuke kwenye hifadhidata. Lugha ya SQL, iliyotokana na pendekezo la Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM mwaka 1974, imelimaliza swali letu la kwanza kwa kanuni: WHERE huchuja, ORDER BY hupanga kilichobaki, na faharasa moja iliyojengwa juu ya aina kisha tarehe inaweza kutumikia zote mbili bila kupanga chochote wakati wa kuulizwa. Faharasa hiyo haisaidii utafutaji wa neno popote ndani ya jina, ndiyo maana nisingeihamishia orodha ya bidhaa huko, ibaki kwenye kumbukumbu ya mashine.

Hatari ni kuchanganya nyumba mbili, hifadhidata na gridi. Programu inaleta mauzo 50 kwa ukurasa kutoka hifadhidata, kisha gridi inapanga kwa kiasi cha fedha. Kilicho juu si mauzo makubwa kuliko yote. Ni makubwa miongoni mwa yale 50. Skrini haikuonya, kichwa cha safu kina mshale kama kawaida, na mwenye duka anafanya uamuzi wa biashara juu ya orodha isiyo kamili. Ukishaamua kugawa kurasa, kuchuja na kupanga vyote vifanyike kabla ya ukurasa kukatwa, na kubonyeza kichwa cha safu kuwe ni swali jipya kwa hifadhidata.

Na chini ya gridi kuna jumla. Thamani ya stoo: ya kinachoonekana, au ya vyote? Wenye maduka wawili wanaweza kukujibu tofauti, na wote wawili wana haki. Mimi ningeweka zote mbili, ya mistari inayoonekana ikifuatwa na ya stoo nzima, pamoja na maneno mafupi yanayosema kichujio gani kimewashwa na kitufe cha kukizima pembeni yake. Programu ikifunguliwa asubuhi, mpangilio wa jana ubaki kama muuzaji alivyouacha, lakini kichujio kiwe kimezimwa, ili anayekuja kuhesabu stoo ya duka zima asihesabu dawa za mifugo peke yake.